UZI: Zinj hakuwa mpasua njugu. Meno yake yanasema alikula nyasi na mafunjo, na mifupa yetu itasema ugali

Mchekecha Udongo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza. Jumapili alikuwa anajisomea daftari la Historia kwa sauti, akafika kwa Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu tunayemwita Zinj kwa kifupi: "alikuwa na magego makubwa, alikula njugu na mbegu ngumu." Nikamwambia futa hiyo. Akanitazama kama nimemtukana mwalimu wake. Pale mezani nilishindwa kumweleza vizuri, kwa hiyo naandika hapa, naye atasoma. Mwenye haraka apite, uzi ni mrefu.

Fuvu lile alilipata Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 pale Olduvai, ambako Wamaasai huita Oldupai kwa sababu ya mkonge pori unaoota bondeni. Umri wake ni miaka milioni 1.75 hivi. Taya kubwa, magego mapana, na juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa ulioshikilia misuli ya kutafunia. Ukiliona tu unasema huyu alikuwa anavunja vitu vigumu. Jina la utani la Mpasua Njugu likatoka hapo, likadumu karibu nusu karne, na daftari la mpwa wangu bado linalo.

Mwaka 2008 watafiti watatu, Nikolaas van der Merwe, Mtanzania mwenzetu Fidelis Masao na Marion Bamford, walitoa majibu ya vipimo vya isotopu za meno, yaani aina za elementi moja zinazopishana uzito. Walichukua unga wa miligramu chache kutoka kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino. Walipima la Zinj, na la taya la ndugu yake lililopatikana Peninj, karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964. Aliyeliona taya hilo kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho ambalo sijui kama litapatikana tena. Ikaonekana kati ya asilimia 77 na 81 ya kaboni iliyojenga meno yale ilitoka kwenye mimea ya jamii ya nyasi na mafunjo. Njugu za mitini haziwezi kutoa namba hiyo. Wenzao wa Homo habilis, jamii nyingine ya binadamu wa kale, kutoka bonde hilohilo walikuwa chini sana, kati ya 23 na 49.

Mtu akasema labda hao wawili ni bahati tu. Mwaka 2011 timu ya Thure Cerling ikapima meno ya Zinj wengine 22 kutoka Kenya. Wastani: asilimia 77.

Sasa, unga wa jino unajuaje mtu alikula nini? Nakuja.

Kahawa Chungu

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, isotopu si ndiyo zile za mabomu? Na hii ni ile kaboni 14 ya kupimia umri?

Mchekecha Udongo

Hapana kwa yote mawili, na swali ni zuri. Kaboni 14 inaoza, ndiyo maana inapima umri, na ikipita miaka elfu hamsini hivi haibaki ya kupimika. Zinj ana milioni. Hizi ninazozungumzia ni isotopu thabiti. Haziozi. Zilivyoingia kwenye jino ndivyo zilivyo leo.

Hewa tunayovuta ina kaboni nyepesi, namba 12, ambayo ni karibu asilimia 98.9 ya kaboni yote, na nzito kidogo, namba 13, asilimia 1.1 hivi. Mmea unapotengeneza chakula chake kwa jua, unapendelea ile nyepesi. Lakini si mimea yote inayochagua kwa ukali uleule. Miti, vichaka, mpunga, ngano, muhogo, migomba, minazi, maharage: hivi vinachagua sana, nzito inaachwa nje. Hili ni kundi la C3. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, miwa, nyasi za mbuga zetu za joto, na baadhi ya ndago na mafunjo havichagui sana, nzito inaingia kwa wingi. Hili ni kundi la C4.

Maabara hupima tofauti hiyo kwa sehemu za elfu. Kundi la kwanza huwa karibu hasi 27, la pili karibu hasi 12. Safu zao hazigusani kabisa. Ukila ugali wa sembe, kaboni ya mahindi inakujenga wewe. Ng'ombe akila nyasi ya mbugani, anajengwa na nyasi, na ukimla yeye unajengwa na nyasi kupitia kwake.

Jambo hili lilianza kama kero. Maabara za kupima umri ziliona mahindi ya kale yanatoa umri mdogo kuliko mkaa wa kuni uliotoka shimo lilelile, kwa karibu miaka 200. Wakagundua kwamba mahindi hubeba kaboni nzito zaidi. Mwaka 1977 John Vogel na huyuhuyu van der Merwe wakaigeuza kero ile kuwa chombo: wakapima mifupa ya wenyeji wa kale wa New York na kuonyesha ni lini mahindi yaliingia kwenye chakula chao. Kule mimea ya asili karibu yote ni C3, kwa hiyo mahindi yakiingia yanaonekana waziwazi kama tone la wino kwenye maziwa.

Kwetu mambo ni magumu zaidi, kwa sababu nyasi zetu ni C4 tangu zamani.

Mzee Mbishi

Hapo ndipo ninapowakamata nyie watu wa maabara. Umesema mwenyewe: ukimla ng'ombe unajengwa na nyasi kupitia kwake. Sasa nani kasema Zinj alikula nyasi? Labda alikula swala tu kila siku, na swala ndiye aliyekula nyasi. Jino lingesema vilevile.

Mchekecha Udongo

Mzee wangu shikamoo. Umegusa penyewe. Kaboni peke yake haiwezi kukujibu.

Kwa Zinj wanaangalia vitu pamoja. Kwanza, taya na magego yale ni ya kusaga, si ya kukata nyama. Pili, michubuko midogomidogo juu ya meno: ilipochunguzwa kwa darubini, matokeo yakatoka mwaka 2008 huohuo, haikuwa na vishimo vya mtu anayevunja vitu vigumu. Tatu, nyani mkubwa aliyeishi nyakati zile, Theropithecus oswaldi, ndugu wa nyani anayekula nyasi Ethiopia hadi leo, ana namba zinazofanana na za Zinj. Ukimkuta mtu na nyani wa nyasi wana namba moja, huanzi kwa kuwaza swala.

Wengine wanaelekea kwenye mafunjo na vitunguu vya ndago, maana pale kulikuwa na maji na vinamasi. Bamford ni mtaalamu wa mimea ya kale, na hoja ya mafunjo ilitoka kwao. Mimi naiona ina mantiki. Watoto wengi wa vijijini wamewahi kufukua ndago na kutafuna.

Kwa nyama hasa, unahitaji nitrojeni. Nitrojeni nzito, namba 15, hupanda kwa sehemu 3 hadi 5 za elfu kila unapopanda ngazi ya mlaji: nyasi, swala, simba. Shida ni kwamba nitrojeni hukaa kwenye kolajeni, ile protini ya mfupa, na kolajeni kwenye udongo wetu wa joto huoza mapema. Miaka milioni haifiki hata kwa dua. Lakini enameli yenyewe ina nitrojeni kidogo sana iliyonaswa ndani, na sasa kuna njia ya kuipima. Mwaka 2025 walichapisha vipimo vya Australopithecus, mtangulizi wa kale wa binadamu, wa Sterkfontein, Afrika Kusini, na namba zao zikakaa pamoja na za wanyama walao mimea, mbali na wala nyama. Zamu ya Zinj ikifika, Mzee, nitarudi kwenye uzi huu.

Mzee Mbishi

Marahaba. Sijakubali ila nimeelewa.

Bi Mchele wa Chake

Mie natoka Pemba. Huku ni wali, nazi na samaki, ugali mtu hula akiwa safarini. Kwa maelezo yako mpunga ni kundi la miti. Basi mkija kutuchimba sisi mtasema tulikuwa tunaishi msituni?

Mchekecha Udongo

Bi Mchele umenichekesha, lakini swali lako ndilo gumu kuliko yote humu.

Wali, nazi na muhogo vyote vinavuta namba upande wa miti. Samaki wa bahari anavuta upande wa pili, kwa sababu kaboni ya baharini ni nzito kuliko ya miti, na samaki wa kwenye majani ya bahari ni mzito zaidi. Ukichanganya wali na samaki kwa sahani moja, namba ya katikati inatoka. Namba hiyo inaweza kufanana na ya mtu wa Dodoma aliyekula mtama nusu na vitu vingine nusu. Kwa kaboni peke yake, Mpemba na Mgogo wanakuwa pacha!

Ndipo nitrojeni inapoingia. Baharini ngazi za kulana ni nyingi: vijidudu, dagaa, samaki wa kati, jodari, papa. Anayekula jodari anapanda juu sana kuliko mla mtama. Basi Mpemba anatengana na Mgogo kwa nitrojeni. Lakini usishangilie mapema. Tasi na pono wa kwenye matumbawe wanakula majani na mwani, wako ngazi ya chini. Mtu aliyekula tasi maisha yake yote haonekani kama mvuvi wa jodari. Na huku Dodoma ukame wenyewe hupandisha nitrojeni kwenye mimea na mifugo, kwa hiyo Mgogo naye anasogea juu bila kugusa samaki.

Kwa hiyo huwezi kupima mfupa wa binadamu peke yake. Lazima upime mbuzi, ng'ombe, kuku na samaki waliotoka shimo hilohilo, wakupe msingi wa mahali pale. Anayekuletea majibu ya mifupa ya watu bila wanyama wao, mwambie arudi akachekeche tena.

Hili la Afrika lilifanyiwa kazi mapema. Stanley Ambrose na Michael DeNiro, mwaka 1986, walionyesha kwamba kwa kaboni na nitrojeni pamoja unaweza kumtenga mfugaji wa ngamia na mfugaji wa ng'ombe na mbuzi, na kumtenga mkulima wa nafaka na asiye wa nafaka. Sababu ya ngamia ni rahisi: ngamia hula vichaka, ng'ombe hula nyasi. Anayekunywa maziwa yao anabeba alama hiyo.

Nyar Kuja

Mimi ni wa Migori, Kenya. Nilisikia kuna kitu kilichimbwa Gogo Falls karibu na kwetu. Hiyo ilihusu chakula ama nini?

Mchekecha Udongo

Asante sana dada, hiyo nilikuwa nimeisahau na ni tamu kuliko ya Zinj.

Pale Gogo Falls waliishi watu miaka kama 2,000 iliyopita. Walikuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo, lakini pia waliwinda sana na kuvua samaki. Wataalamu wakajiuliza mfugaji gani anawinda hivyo? Jibu la siku nyingi lilikuwa mbung'o. Leo eneo la ziwa lina vichaka na misitu, mbung'o wanapenda vichaka, wanaleta nagana, ng'ombe wanakufa, basi watu wakalazimika kuwinda. Na nadharia ikaenda mbali zaidi: kwamba mbung'o wa Ziwa Viktoria waliwafungia njia wafugaji wasishuke kusini.

Mwaka 2015 timu ya Kendra Chritz ikapima meno ya wanyama waliochimbwa pale, wa porini na wa kufugwa. Angalia ujanja: hawakupima watu, walipima wanyama, kwa sababu mnyama anakula kilichopo mlangoni kwake. Meno yakatoa namba za nyasi. Yaani pale palikuwa na mbuga wazi, si vichaka. Mbung'o hana kwake pale. Hoja ya mbung'o kufunga njia ikapoteza mguu mmoja, na watu wa Gogo Falls wakaonekana waliwinda na kuvua kwa sababu vilikuwepo na walivitaka, si kwa kusukumwa na mbung'o.

Mimi hupenda utafiti huu kwa kuwa watu tuna tabia ya kuchukua mandhari ya leo na kuwavisha mababu.

Nyar Kuja

Sasa nimeelewa kwa nini nyanya alikuwa anasema zamani ng'ombe walilisha mpaka mtoni. Ingawa yeye si wa miaka 2,000, haha.

Kahawa Chungu

Mkuu, na mazingira yenyewe, mvua na ukame, yanapimwaje? Au ndiyo hayohayo meno?

Mchekecha Udongo

Yapo mengi, nitagusa ninayoyapenda.

Oksijeni. Maji yana oksijeni nyepesi na nzito. Jua likipiga, maji yenye nyepesi hupaa kwanza, yanayobaki yanakuwa mazito. Sasa mchukue twiga na kiboko. Twiga hunywa kidogo, maji yake mengi anayapata kwenye majani, na majani hupoteza maji kwa jua. Kiboko yumo ziwani kutwa. Nchi ikiwa na mvua ya kutosha, meno ya wawili hawa hayapishani sana. Nchi ikikauka, twiga anakuwa mzito na kiboko anabaki palepale. Pengo kati yao ndilo kipimo cha ukame. Naomi Levin na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2006, na mimi kila nikipita Mikumi nikiona twiga nakumbuka kwamba anatembea na kipimo cha mvua mdomoni.

Nta ya majani. Jani lina nta juu yake, ndiyo maana tone la maji linateleza. Nta hiyo haiozi upesi. Inapeperushwa, inaingia ziwani, inazama kwenye tope mwaka baada ya mwaka. Tope la Ziwa Tanganyika lilitobolewa, na kwa kupima haidrojeni ya nta hizo wakasoma mvua ya miaka 60,000. Matokeo yalichapishwa 2008.

Pango. Panga ya Saidi, Kilifi, ndipo alipozikwa yule mtoto waliyempa jina Mtoto, miaka 78,000 iliyopita. Meno ya wanyama wa pangoni yanaonyesha msitu na nyasi vikiwa pamoja kwa muda mrefu sana bila kupinduka ovyo. Watu walikuwa na vyote viwili jirani.

Na vyungu! Mafuta ya chakula hunyonywa na udongo wa chungu. Mafuta ya maziwa na ya nyama ya mnyama yuleyule hupishana kidogo kwenye kaboni, kwa jinsi mwili unavyoyatengeneza. Mbinu hiyo ilianzia Bristol, Uingereza, miaka ya 1990. Kwetu ilitumika kwenye vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, kikiwemo kijiji cha Luxmanda, Manyara, cha miaka 3,000 hivi, na matokeo yakatoka 2020: maziwa, nyama na mimea. Maana yake kuna mtu aliyepika chungu kile, akakivunja, akasonya, na mafuta yakabaki.

Mama Ulezi

Naomba kuuliza kama mama. Watoto wadogo nao wanapimwa? Maana hawali, wananyonya.

Mchekecha Udongo

Mama, mtoto anayenyonya anakula mwili wa mama yake. Kwa hesabu ya nitrojeni yuko ngazi moja juu ya mama, kama simba juu ya swala, samahani kwa mfano. Akianza uji, namba inashuka polepole. Kwa jino unaweza kulikata kidogokidogo kufuata lilivyokua na ukaona ni umri gani aliachishwa ziwa.

Nywele ni nzuri zaidi kwa sababu zinakua kama sentimita moja kwa mwezi. Nywele ya sentimita 12 ni shajara ya mwaka. Mfupa hujengwa upya kwa miaka mingi, kwa hiyo unakupa wastani. Jino likishaisha kukua limefungwa, linabaki na utoto wako hadi kaburini. Ukipima jino na ubavu wa mtu mmoja unapata mwanzo na mwisho wake. Walimfanyia hivyo mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza, aliyeuawa 1485 na kupatikana chini ya maegesho ya magari Leicester mwaka 2012. Ubavu wake ulionyesha miaka ya mwisho alikula ndege na samaki wa maji baridi kwa wingi, na oksijeni ikasogea namna ambayo watafiti waliisoma kuwa ni divai. Jamaa alipopata ufalme alikaa mezani kweli.

Mzee Mbishi

Narudi. Wewe kijana umesema hewa. Hewa ya leo na ya enzi za Zinj ni moja?

Mchekecha Udongo

Mzee, wewe ungefaa kuhakiki makala. Si moja. Tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe na mafuta, ambayo asili yake ni mimea ya kale yenye kaboni nyepesi, hewa yote imekuwa nyepesi kwa karibu sehemu 2 za elfu. Nyasi uliyoichuma leo haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na jino la kale. Lazima uongeze fidia. Anayesahau hilo anakosea upande uleule kila mara, na kosa la namna hiyo ndilo baya, kwa sababu halionekani kama kosa.

Kahawa Chungu

Swali la mwisho na la kishenzi. Wakinichimba mimi miaka 2,000 ijayo watasema nilikula nini? Mimi ni wa chipsi kuku tu, ugali sili.

Mchekecha Udongo

Viazi vitakuweka kundi la miti. Lakini yule kuku wa kisasa amelishwa pumba na mahindi tangu yuko kifaranga, ni mahindi yenye mabawa. Soda yako imetiwa sukari ya miwa. Ubavu wako utasema nyasi, na nitrojeni itapanda kidogo kwa ajili ya kuku. Mtafiti atakuandika: mkulima wa nafaka, mfugaji mdogo.

Kahawa Chungu

Mfugaji tena? Sina hata paka.

Mpwa wa Mchekecha

Mjomba nimesoma. Nimefuta "njugu" nikaandika "ndago na mafunjo (inajadiliwa)". Mtihani ni Alhamisi, nikikosa hiyo alama utaninunulia vocha.